MALI YA MAREHEMU MKONONI MWAKO



   

Ijumaa hii tunasema nawe uliyechaguliwa na jamaa. Wewe uliyekuwa umeketi kwenye mkeka siku ya tatu ya kilio, wazee wakakuelekezea macho, wakasema: "Huyu ndiye atashika." Wewe ambaye tribinali imekuandikia karatasi, na hapa Lubumbashi watu wote wanakuita likidateri. Tunasema pia na wewe ambaye bado hujachaguliwa, kwa maana mauti hayapigi hodi, na zamu yako yaweza kufika kabla ya Ijumaa ijayo.

Tunakuuliza swali moja. Hii mali uliyoishika ni ya nani? Kila mtu atajibu haraka: ni ya watoto wa marehemu. Jibu hilo ni rahisi mdomoni. Lakini tukiangalia matendo yetu Katuba, Kenya, Kamalondo na Ruashi, tunaona jibu lingine. Tunaona lupango linauzwa, na mjane anapata habari kwa mnunuzi. Tunaona kodi ya nyumba inaingia mfuko wa baba mdogo mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, na watoto wanafukuzwa shule kwa deni la minerivali. Na ukimuuliza yule baba mdogo hasemi kwamba ameiba. Atasema: "Mimi ndiye ninayewatunza." Huenda anaamini hivyo kweli. Hapo ndipo penye hatari, ndugu zangu, kwa sababu mwizi anayejijua ni mwizi yuko karibu na toba kuliko mtu anayejiona mfadhili.

Jambo hili si geni. Baada ya vita vya Uhud, mjane wa Saad bin Rabii (R.A.) alikuja kwa Mtume (S.A.W.) akiwa na mabinti zake wawili. Baba yao ameuawa vitani, na ami yao amechukua mali yote, hakuwaachia kitu. Yule mama akaeleza kwamba mabinti wasio na mali hawaolewi. Mtume (S.A.W.) hakujibu kwa rai yake mwenyewe, alingoja Mola ahukumu. Zikashuka aya za mirathi katika Sura An-Nisaa. Akamwita yule ami, akamwamuru awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumuni, na kinachobaki ndicho chake. Tazama vizuri: ami hakunyimwa. Alipewa haki yake, lakini baada ya wenye mafungu kuchukua. Aya tunazozisoma leo zilishuka kwa sababu mwanamke mmoja hakukubali kunyamaza. Tukumbuke hilo tunapowaambia wajane wetu kwamba kuidai haki ni kukosa adabu.

Sasa tuje kwetu. Katika Kongo yetu mambo ya urithi yanatawaliwa na Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, ile inayojulikana kama Code de la famille, iliyorekebishwa mwezi wa Julai 2016. Wengi wanaiogopa bila kuijua. Kifungu cha 795 kinasema kwamba mtu akifa bila wasia, mrithi aliye mkubwa kwa umri, au yule ambaye warithi wenyewe wamemteua, ndiye atakayeshughulikia mirathi. Akishindwa, au akifanya kosa kubwa, warithi wenzake wana haki ya kwenda tribinali kuomba mwingine awekwe mahali pake. Maana yake ni kwamba uliketishwa hapo, na unaweza kuondolewa. Kazi yako ni kujua warithi ni nani, kukusanya mali na kuitunza, kulipa madeni na wasia, kisha kutoa hesabu na kukabidhi kinachobaki. Unapokabidhi, kazi imekwisha. Likidateri wa miaka kumi na tano, kama hakuna kesi inayomzuia, ajiulize anangoja nini.

Katika kuhesabu mali, wengi wanakosea hatua ya kwanza kabisa. Wanahesabu kila kitu kilichomo ndani ya nyumba kuwa cha marehemu. Sivyo. Mke aliyeuza samaki wa chumvi sokoni miaka ishirini ana vyake. Sheria ya serikali yenyewe inasema kwamba wanandoa wasiochagua mpango mwingine wanashirikiana vile walivyochuma ndani ya ndoa, kwa hiyo nusu ya vile ni yake kabla hatujaanza kusema neno mirathi. Na dini inasema mali ya mke ni ya mke. Cherehani yake, friji aliyoinunua, fedha zake za likelemba, hivyo vyote havigawanywi, kwa sababu mwenyewe hajafa.

Baada ya hapo ndipo mafungu. Tuchukue mfano wa mtu aliyeacha mali ya dola 24.000 baada ya madeni kulipwa, na ameacha mke, baba, mama, watoto wanne, wawili wa kiume na wawili wa kike, pamoja na ndugu zake wa kuzaliwa. Kwa sheria ya Kongo, watoto wote wanne wanachukua robo tatu, dola 18.000, sawa kwa sawa, 4.500 kila mmoja. Robo inayobaki inagawanywa mara tatu: mke 2.000, wazazi 2.000, ndugu wa marehemu wote pamoja 2.000. Tena mjane anabaki na haki ya kuishi katika nyumba waliyokuwa wakiishi na mumewe, na kutumia vyombo vilivyomo.

Kwa sheria ya Kurani, mke ana thumuni, yaani 3.000. Baba sudusi, 4.000, na mama sudusi, 4.000. Zinabaki 13.000 za watoto, mwana wa kiume fungu mara mbili ya binti. Na ndugu wa marehemu? Hawana kitu. Hata faranga moja. Mwana wa kiume na baba wamewazuia.

Ndugu yangu, soma tena hesabu hiyo polepole. Ule mkono unaomtoa mjane nje na kubadilisha kufuli ya mlango, mara nyingi ni mkono wa kaka wa marehemu. Akibanwa na serikali anasema, "Sisi ni Waislamu, tunafuata Kurani." Akibanwa na Kurani anasema, "Desturi ya jamaa yetu inatoa mali kwa upande wa mama." Serikali inampa sehemu ndogo agawane na ndugu zake. Kurani, pale penye mtoto wa kiume, haimpi kitu. Hicho anachokifuata ni tumbo lake. Na aya ya 10 ya Sura An-Nisaa imeshasema ni nini kinachoingia katika tumbo la anayekula mali ya yatima kwa dhuluma: ni moto.

Hapa linakuja swali gumu zaidi, na hatutalikwepa. Likidateri Mwislamu afuate mafungu yapi? Wako masheikh wanaosema kwamba hukumu ya Allah haina mbadala, basi agawe kwa Kurani na anyamaze. Sisi tunaona hivi. Karatasi uliyoshika umepewa na tribinali kwa sheria ya nchi, na mbele ya tribinali utawajibika kwa sheria hiyo. Ukigawa kwa siri kinyume chake, unawaachia watoto kesi itakayokula kila kitu. Gawa kama sheria ilivyoandika. Kisha warithi walio watu wazima, kila mmoja fungu lake likiwa mkononi, wakae kama Waislamu waelewane. Kaka wa marehemu aliyepokea sehemu asiyopewa na Kurani, na aanze yeye kuirudisha! Tumewaona wengi wakidai Sharia kwa fungu la dada yao, lakini kwa fungu lao wenyewe ni wachache mno.

Na kuelewana ni kwa ridhaa. Binti mtu mzima akimwachia kaka yake sehemu kwa hiari, hilo ni baina yake na Mola wake. Lakini saini iliyotolewa usiku, mbele ya wajomba sita wenye hasira, si ridhaa, na wewe likidateri uliyeshika kalamu unajua kwamba si ridhaa. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 18 yeye hana ridhaa ya kutoa kabisa. Fungu lake usiliguse, wala kwa jina la dini wala kwa jina la desturi.

Kuna mtu mwingine ambaye sheria ya serikali haimwoni, na lazima tumtaje. Ni mke wa pili. Serikali inatambua mke mmoja aliyeandikishwa. Ndoa iliyofungwa msikitini peke yake, ikaishia hapo, mbele ya tribinali ni kama haikuwapo. Mama huyu amepika, amezaa, amemuuguza mgonjwa mpaka mwisho, na siku ya kugawa anaitwa mgeni. Watoto wake wanarithi sawa na wenzao ikiwa baba aliwakubali kwa kuwaandikisha alipokuwa hai. Kama hakuwaandikisha, wako mashakani. Lawama hii si ya likidateri, ni ya marehemu, yaani ni yako wewe baba unayesoma karatasi hii ukiwa bado una pumzi. Nenda ofisi ya komini ukaandikishe watoto wako. Mpe huyo mama kitu mkononi mwake leo, kwa maandishi, wala usingoje kilio.

Na andika wasia. Mtume (S.A.W.) alimwekea Saad bin Abi Waqqas (R.A.) mpaka wa theluthi, naye akaiona theluthi yenyewe kuwa ni nyingi. Ibn Abbas (R.A.) alitamani watu wapunguze wafike robo. Sheria ya Kongo nayo imewahifadhia watoto robo tatu ambazo wasia hauwezi kuzigusa. Basi anayeusia robo, au chini yake, ametii pande zote mbili. Kwa wengi wetu hapa Lubumbashi tuliosilimu peke yetu katika jamaa, wenye mama Mkristo anayetuombea kwa njia yake, hiyo robo ndiyo mlango wa kumkumbuka mzazi ambaye kwa Sharia harithi.

Turudi kwa aliyeshika. Mfano bora wa likidateri tunaoujua ni Abdullah, mtoto wa Zubeir bin Awwam (R.A.). Zubeir aliuawa mwaka wa 36 Hijria. Watu walikuwa wakimletea amana zao, naye alikuwa akiwaambia kwamba hazichukui kama amana bali kama mkopo, maana amana ikipotea bila kosa lake halipi, lakini mkopo atalipa tu. Alipokufa, Abdullah akahesabu madeni, akakuta milioni mbili na laki mbili. Taslimu hakuna. Akauza ardhi ya Ghaba, iliyonunuliwa kwa elfu mia na sabini, kwa milioni moja na laki sita, akalipa. Ndugu zake wakamwambia: haya, tugawie. Akakataa. Kila mwaka kwenye msimu wa Hija alitangaza kwamba mwenye kumdai Zubeir aje. Alitangaza miaka minne. Ndipo akagawa.

Hebu pima, ndugu msomaji. Alichelewesha miaka minne, na wetu nao wanachelewesha. Tofauti iko wapi? Yeye alichelewesha ili mdai wa mbali asidhulumiwe, na kila mtu alijua sababu na alijua mwisho. Yeye mwenyewe alikuwa mrithi, kwa hiyo alijichelewesha pamoja na wenzake. Wetu anachelewesha kwa sababu kodi inaingia kwake.

Deni kwanza, basi. Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari tatu asiyeacha cha kulipia, akajizuia kumswalia, mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolichukua deni lile. Na sisi tunafanyaje? Tunaanza na sufuria. Siku za kilio watu wanakula na kunywa soda kwa fedha za marehemu, na arobaini inafanyiwa karamu kubwa kuliko harusi, wakati muuza saruji wa Kampemba bado anamdai. Sanda na kaburi vinatoka katika mali ya marehemu, hilo halina ubishi. Chakula cha wageni ni jambo jingine. Jaafar bin Abi Talib (R.A.) alipouawa, Mtume (S.A.W.) aliamuru watu wa nyumba yake wapikiwe. Sisi tumegeuza, waliofiwa ndio wanaotupikia, na kwa unga wa yatima! Anayetaka kulisha watu kwa ajili ya thawabu za kaka yake, mfuko anao. Sadaka inayotolewa katika fedha za mtoto wa miaka minane ina mlipaji ambaye hakuulizwa.

Labda utasema: mimi sili hata kidogo, mikono yangu ni safi. Hapa ninalo la kuungama. Mwaka 1991 kaka yangu mkubwa alifariki, wakaniachia fedha za watoto wake watatu. Nilizifunga katika sanduku la bati, nikaliweka chini ya kitanda, nikaapa sitazigusa. Sikuzigusa. Mwezi wa Oktoba 1993 serikali ikaleta zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa laki moja ya zile zaire mpya. Nilipofungua sanduku, noti zilikuwa kamili kwa hesabu, na zisingenunua meka moja ya unga. Wale watoto hawakunilaumu. Mjane alisema tu, "Shemeji, ungetununulia hata mabati." Maneno yale ninayo mpaka leo.

Kurani, katika Sura Al-Israa aya ya 34, haituambii tu tusiile mali ya yatima. Inatuambia tusiikaribie ila kwa njia iliyo bora. Sikuwa nimelielewa neno "bora". Umar (R.A.) aliwausia watu wafanye biashara na mali za yatima ili zaka isizimalize. Kuacha kitu kife si uaminifu. Nyumba inayovuja na wewe una kodi yake mkononi, karatasi za lupango ambazo hazijabadilishwa kwa konsevateri tangu baba alipofariki, haki za wajane na yatima kwenye kaisi ya jamii ambazo hakuna aliyezifuatilia, faili ya malipo ya mwisho ya kampuni iliyolala ofisini kwa sababu likidateri anaona uvivu kupanga mstari: hizo zote ni mali zinazoliwa, ingawa hakuna anayeshiba. Lakini usiruke upande wa pili pia, ukachukua fedha zao kwenda kuchimba kobalti kwa ndoto ya faida. Mali ya mtoto huiwekezi mahali ambapo usingeweka yako.

Utauliza, je, kazi yote hii ni ya bure? Teksi mpaka mjini, fotokopi, siku nzima tribinali? Aya ya 6 ya An-Nisaa imejibu: mwenye uwezo ajizuie, fukara ale kwa kiasi cha wema. Na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wakaeleza kiasi hicho: achukue kilicho kidogo baina ya mahitaji yake na ujira wa kazi ile. Kidogo baina ya viwili! Nunua kaye moja. Kila faranga inayoingia iandike, kila inayotoka iandike na tarehe yake, na mjane aruhusiwe kuifungua siku yoyote anayotaka bila kuomba ruhusa mara tatu. Fedha zao zisikae mfuko mmoja na zako. Usijikopeshe. Neno "nitarudisha" limeua likidateri wengi kuliko wizi.

Kama unaona huwezi, kataa mapema. Abu Dharr (R.A.) alikuwa mtu mwema kupita wengi wetu, na Mtume (S.A.W.) alimwambia asishike mali ya yatima, kwa kuwa alimwona ni dhaifu kwa kazi hiyo. Hakumtukana, alimpenda. Kwa hiyo jamaa isikasirike mtu akisema hawezi, na wala isimchague mtu kwa sababu tu ndevu zake ni ndefu au anaswali safu ya mbele.

Na siku mtoto atakapofikia utu uzima, usingoje aje akuombe. Mwite wewe. Aya ile ile ya 6 inaagiza kuwekwa mashahidi wakati wa kukabidhi, basi waite watu wawili, na mama yake awepo. Fungua kaye ukurasa wa kwanza, soma kwa sauti mpaka mwisho, mpe ufunguo na karatasi za lupango, kisha mwombe akuulize swali lolote alilo nalo, na ukae pale mpaka amalize kuuliza.